Fungu limepungua: nani hupandisha bei ya futari?

Ukipita kwenye genge lolote la Temeke au Buguruni, Dar es Salaam, wiki moja kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, fungu la mihogo huwa na vipande vitano vilivyoshiba. Rudi siku ya tatu ya mfungo. Kipande cha boksi kilichoandikwa bei kipo palepale, 2,000 ni ileile, ila vipande sasa ni vinne. Muulize muuzaji kwa nini amepandisha bei na atakujibu, kwa kweli kabisa, kwamba hajapandisha. Fungu ndilo limepungua.

Hapo ndipo malumbano ya kila mwaka yanapoanzia. Upande mmoja wapo wanunuzi, masheikh na viongozi wa serikali, ambao kila Shabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, ikikaribia kwisha huwaomba wafanyabiashara wamwogope Mungu na wasiufanye mwezi mtukufu kuwa msimu wa kuwakamua waja wake. Huongeza mfano unaouma: ndugu zetu walioko Muscat, Doha na Dubai hututumia picha za supamaketi zilizoshusha bei kwa ajili ya Ramadhani, na sisi huku tunapandisha. Upande wa pili yupo mfanyabiashara, ambaye jibu lake ni fupi: mzigo umepanda huko tunakouchukua.

Nimelifuatilia suala hili kwa miaka, kama mnunuzi na kama mtoto wa mama aliyetulea kwa genge, na naona kila upande umeshika kipande cha kweli na kukifanya ndiyo kweli yote. Kwenye mihogo, magimbi, ndizi na viazi vitamu, sehemu kubwa ya kile tunachokiita tamaa ya muuzaji ni foleni yetu wenyewe. Kwenye sukari, unga wa ngano, mchele na tende, habari ni nyingine kabisa. Tunapoyachanganya haya mawili, mchuuzi wa fungu anatukanwa kwa kosa lisilo lake, na mwenye ghala anapata kichaka cha kujificha.

Nianze na hesabu ya fungu, kwa kuwa ni wachache wanaolalamika ambao wamewahi kuipiga. Hesabu hii ni ya mfano. Tuseme mchuuzi amenunua gunia la mihogo sokoni kwa shilingi 60,000. Guta, ushuru na mifuko vimemgharimu 8,000. Gunia linatoa mafungu 40, anauza 2,000 kila moja, anapata 80,000. Akitoa gharama, mkononi anabaki na 12,000, iwapo kila fungu litauzika. Ramadhani inaingia, gunia lilelile sasa ni 80,000. Mchuuzi hawezi kuandika 2,500, maana wateja wake wamezoea noti ya elfu mbili na jirani yake bado ameandika 2,000. Kwa hiyo analigawa gunia katika mafungu 50. Anauza 100,000, anatoa 80,000 ya gunia na 8,000 ya gharama, na mkononi anabaki na 12,000 ileile.

Tazama kilichotokea. Mnunuzi aliyekuwa akilipa 400 kwa kipande sasa analipa 500, ameumia kwa asilimia 25. Mchuuzi hajaongeza hata shilingi mia. Na kama mafungu sita yatabaki yakaanza kuweka michirizi ya bluu, siku yake nzima imekwenda na maji. Lakini yeye ndiye anayeonekana, amekaa juani na mihogo mbele yake, basi lawama zote humwangukia.

Zile 20,000 zilizoongezeka zimekwenda wapi, basi? Zimepanda juu ya mnyororo: kwa dalali wa soko, kwa mwenye gari, na kiasi fulani kwa mkulima. Ni kiasi gani kinamfikia nani hutegemea nani ana taarifa. Mkulima wa Mkuranga anayempigia simu mtoto wake aliyeko mjini na kuuliza bei ya leo atauza mazao ya shamba lake kwa heshima. Asiye na wa kumuuliza atauza kwa bei ya mwezi uliopita, na tofauti yote itabaki kwa aliyekuja na gari. Kwa hiyo hata tunapokubali kwamba bei imepanda kwa sababu ya wingi wa wanunuzi, swali la haki linabaki, ila limehamia mahali ambapo mnunuzi wa genge hapaoni.

Turudi kwenye foleni yetu. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022, na Zanzibar karibu milioni 1.9. Kwa miezi kumi na moja watu hawa hula kwa nyakati tofauti na vitu tofauti: mmoja chapati na maharage saa 2 asubuhi, mwingine wali kwa mama ntilie saa 7 mchana, mwingine ugali usiku. Ramadhani huzikusanya fedha zote hizo kutoka asubuhi na mchana na kuzimimina kwenye saa mbili za jioni, na juu ya vyakula vilevile: muhogo, gimbi, kiazi kitamu, ndizi mbichi, nazi ya kuviungia, tambi, maharage, uji wa pilipili manga, tende. Wasiofunga nao wamo, maana katika mitaa yetu futari ni chakula cha kila mtu. Wapo Wakristo wengi wa Dar wanaoisubiri Ramadhani kwa ajili ya magimbi ya nazi, na hawafichi.

Juu ya hayo kuna desturi. Kufuturisha kuna thawabu kubwa, na sahani inayopelekwa kwa jirani au ukweni haiwezi kuwa na kitu kimoja. Meza ya futari ya nyumba ya kawaida ina aina nne au tano za chakula, ilhali chakula cha mchana cha siku ya kawaida kina mbili. Mwezi wa kujinyima, kwa upande wa kikapu cha sokoni, ni mwezi wa kununua zaidi. Silisemi hili kwa kulaumu. Ukarimu ule ni jambo jema na sitaki upungue. Ninachosema ni kwamba ukarimu nao ni mahitaji, na soko halijui kutofautisha kati ya anayenunua kwa kujionyesha na anayenunua kwa ajili ya mayatima.

Sasa weka mahitaji hayo mbele ya mimea yenyewe. Muhogo huchukua miezi tisa hadi mwaka na zaidi kukomaa, gimbi nalo haliko nyuma sana. Mkungu wa ndizi unaoshushwa Mabibo, pale watu wanapopaita Mahakama ya Ndizi, umetoka mbali, huenda Rungwe au Morogoro, kwenye mgomba uliopandwa kabla mtu yeyote hajafikiria futari ya mwaka huu. Wiki mbili kabla ya mfungo hakuna mkulima anayeweza kuongeza gimbi hata moja ardhini. Anachoweza ni kung'oa mapema yaliyokuwa hayajafika, au kuleta Dar yale ambayo yangeliwa kwingine. Wanunuzi wameongezeka ghafla, mzigo hauwezi kuongezeka ghafla, kilichobaki cha kusogea ni bei. Na bei hiyo, hata ikituuma, inafanya kazi: ndiyo inayomfanya mwenye fuso aache safari nyingine akafuate mihogo.

Tumeshawahi kujaribu njia nyingine, na waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka. Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973 na ikapewa kazi ya kupanga bei za bidhaa nchi nzima. Bei za kwenye karatasi zilikuwa nzuri. Dukani hapakuwa na kitu. Sabuni, sukari na khanga zilipatikana kwa foleni, kwa kujuana, au mlango wa nyuma kwa bei ambayo hakuna karatasi iliyoitaja. Neno mlanguzi lilipata makali yake katika miaka hiyo, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi uliotikisa nchi. Bidhaa zilifichuliwa kwenye maghala na hata mashimoni. Lakini zilianza kurudi madukani kwa wingi pale tu milango ya biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, na zaidi baada ya 1986 chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyepewa jina la Mzee Ruksa kwa sababu hiyo hiyo. Bei zilikuwa juu, na watu walizilipa huku wakishukuru kwamba angalau kipo cha kununua.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu anataka serikali ipange bei ya fungu la magimbi, najiuliza swali moja: baada ya kupanga, gimbi la ziada litatoka wapi? Linganisha na mabasi ya Desemba kwenda Moshi na Arusha. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, inapanga nauli, na bado kila mwaka yupo abiria anayelipa zaidi kwa mpiga debe kwa sababu viti havitoshi. Kinachopunguza maumivu ni vibali vya mabasi ya nyongeza katika msimu, na tangu Oktoba 2023, mabasi kuruhusiwa kusafiri usiku. Basi lililokuwa na ruti nyingine unaweza kulihamisha kwa wiki mbili. Shamba la magimbi huwezi.

Hoja hii ina mizizi pia katika dini yenyewe ambayo kwa jina lake tunawasihi wafanyabiashara. Imepokewa kwamba bei zilipanda Madina zama za Mtume (S.A.W.), watu wakamwendea wakamwomba awapangie bei. Akakataa, akasema Mwenyezi Mungu ndiye mpangaji wa bei, mwenye kukunja na kukunjua riziki, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake bila ya mtu yeyote kumdai dhuluma ya damu wala ya mali. Maana yake ni nzito: kumlazimisha muuzaji auze chini ya bei ambayo uchache wa bidhaa umeileta kunaweza kuwa dhuluma kwa muuzaji.

Wapo wanaoishia hapo, nao hukosea. Mtume huyohuyo amesema halangui ila mkosefu, yaani anayezuia chakula kisiende sokoni ili bei ipande ndipo auze. Wanazuoni waliokuja baadaye, Ibn Taymiyya akiwa mmoja wao, waliziweka kauli hizi mbili pamoja: bei ikipanda kwa sababu kitu kimekuwa kichache au watu wamekuwa wengi, hiyo ni amri ya Mungu na asiguswe mtu, ikipanda kwa sababu wenye mali wamekula njama au wameificha, mtawala ana haki ya kuingilia. Sijaona chombo bora zaidi ya hicho cha kulipimia soko la Kariakoo au Darajani.

Tukipime basi kwenye sukari. Sukari haiozi. Inakaa ghalani miezi mingi, na kila mfanyabiashara mkubwa anaijua tarehe ya Ramadhani mwaka mzima kabla. Mahitaji yanayojulikana mapema namna hiyo, kwa kitu kinachohifadhika, hayapaswi kurusha bei. Aliyenunua mzigo Novemba kwa bei ya Novemba, akauza Machi kwa bei ya juu kabisa ya Machi, hawezi kuniambia mzigo umepanda huko anakouchukua. Ameuchukua zamani.

Hata hivyo sukari imetufunza kutokukimbilia hukumu. Mwanzoni mwa 2024 kilo ya sukari ilipita shilingi 4,000 sehemu nyingi za nchi, na lugha ya mitaani ikawa ni ileile, kwamba wanaficha wakisubiri Ramadhani. Lakini Ramadhani mwaka ule ilianza Machi, na bei ilikuwa imeshapaa Januari. Chanzo kikubwa kilikuwa mvua za El Nino: mashamba ya miwa yalijaa maji, matrekta yalishindwa kuingia, viwanda vikasimama kabla ya wakati. Tarehe 23 Januari ikatangazwa bei elekezi, kati ya 2,700 na 3,200 kwa kilo rejareja kutegemea eneo, na vibali vya kuagiza sukari nje vikatolewa. Kwa wiki kadhaa bei elekezi iliishi kwenye matangazo huku dukani ukiambiwa sukari hakuna, au ipo lakini usiulize risiti. Bei ya dukani ilishuka mzigo wa nje ulipoingia. Baadaye mwaka huohuo Sheria ya Fedha iliupa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula uwezo wa kununua, kuagiza na kuhifadhi sukari ya kuziba pengo, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa na maana kuliko hotuba zote. Ghala la umma lenye sukari humwondolea mlanguzi sababu ya kusubiri.

Je, waliificha? Wapo walioificha, sina shaka. Ila uficho ulipanda juu ya mgongo wa uhaba wa kweli. Mlanguzi haumbi uhaba kutokana na hewa. Huukuta unakuja, akaukuza. Ndiyo maana misako peke yake hukamata magunia machache na bei hubaki ilipo.

Kuna jambo lingine linalotuchanganya, nalo ni kalenda. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi, kwa hiyo katika takriban miaka 33 huzunguka misimu yote. Mwaka 2016 ilikuwa Juni, mavuno yameanza na viwanda vya sukari vinajiandaa au vimeshafungua. Kuanzia 2020 hadi 2024 ilisogea kutoka mwishoni mwa Aprili hadi Machi, yaani ndani ya masika: barabara za vijijini zimekatika, viwanda vya sukari vimesimama kama ilivyo kawaida yao wakati wa mvua, nyanya zinaoza shambani. Mwaka 2022 iliangukia Aprili, wiki chache tu baada ya vita vya Ukraine kurusha bei ya ngano, mafuta ya kula na petroli duniani kote. Mwaka ule tambi na maandazi vilipanda, nasi tukailaumu Ramadhani. Mwaka 2025 mfungo na Kwaresma vilianza ndani ya wiki moja, na 2026 vikaanza karibu siku moja, kwa hiyo hata samaki walipata wateja wa pande mbili kwa pamoja.

Kama tungekuwa tunaandika bei za soko siku kwa siku, tofauti ingejionyesha. Bidhaa inayopanda kila Ramadhani, iwe masika, kipupwe au kaskazi, hiyo inapandishwa na sisi wanunuzi, au na anayeutumia ujio wetu. Ile inayopanda tu mfungo ukiangukia kwenye mvua, hiyo inapandishwa na tope la barabarani. Kuzijua hizo mbili kunaelekeza fedha za umma zinakopaswa kwenda: kwenye ukaguzi wa maghala, au kwenye daraja la kijijini.

Nirudi kwa zile picha za kutoka Ghuba, kwani hoja yake ni nzito na haijibiwi kwa kusema wao ni matajiri. Kama mahitaji hupandisha bei, kwa nini kwao hushuka katika mwezi uleule wa mahitaji makubwa? Sehemu ya jibu ni amri. Qatar, kwa mfano, wizara ya biashara hutoa kila Ramadhani orodha ya mamia ya bidhaa zitakazouzwa kwa bei ya chini kwa makubaliano na maduka makubwa. Lakini hata pasipo amri jambo hili hutokea. Wachumi watatu wa Marekani, Judith Chevalier, Anil Kashyap na Peter Rossi, walichunguza kumbukumbu za mauzo za mtandao mmoja wa supamaketi za Chicago na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003. Walikuta kwamba bidhaa nyingi hushuka bei pale pale mahitaji yake yanapofikia kilele. Jodari wa makopo, ambaye Wakatoliki wa mji ule humnunua sana wakati wa Kwaresma, alikuwa rahisi zaidi katika Kwaresma. Maelezo yao ni kwamba duka kubwa linajua wakati huo kila mtu anatafuta jodari, kwa hiyo hutangaza jodari kwa bei ya chini ili uingie mlangoni, na ukishaingia utanunua mkate, maziwa na sabuni kwa bei zake. Wengine walilipinga hilo wakasema wanunuzi wa msimu huwa makini zaidi na bei, wakihamia makopo ya bei nafuu, na ndiyo maana wastani hushuka. Vyovyote vile, wingi wa wanunuzi si lazima uzae bei ya juu.

Kwa nini basi hauzai bei ya chini kwenye genge? Kwanza, jodari wa kopo yuko ghalani tayari, anaweza kuagizwa maradufu, na gimbi haliwezi. Pili, mchuuzi wa magimbi hana mkate wala sabuni ya kufidia. Hana kikapu, ana kitu kimoja. Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, wateja wake wengi hawana muda wa kulinganisha. Mtu ametoka kibaruani saa 11 jioni, yuko kwenye daladala, maghribi inamkimbiza, nyumbani wanamsubiri watoto. Atanunua genge la kwanza atakaloliona, kwa fungu litakalokuwepo. Soko la saa 4 asubuhi na soko la saa 11 jioni ni masoko mawili tofauti, hata kama muuzaji ni mmoja.

Ila tende, mchele na tambi ni ndugu za jodari. Zimekaa ghalani, zinaweza kuagizwa, na maduka yanayoziuza yana vitu vingine vya kuuza. Kwa bidhaa hizi mfano wa Ghuba na wa Chicago unatuhusu moja kwa moja. Tunapoziona zikipanda wiki ya kwanza ya mfungo bila meli kuchelewa wala dola kupanda, hapo sina huruma. Hapo Tume ya Ushindani, ambayo sheria yake ni ya 2003, ina kazi: ni waagizaji wangapi wa kweli, na je, bei zao zilisogea siku moja kwa kiasi kimoja?

Anayelipa bei ya kilele ni nani? Mwenye friji na mshahara wa mwisho wa mwezi hununua mapema. Katika wiki ya mwisho ya Shabani anabeba mchele gunia zima, mafuta dumu la lita 20, sukari ya mfuko. Manunuzi yake ndiyo yanayotikisa soko kabla hata mwezi haujaonekana, na yeye mwenyewe analipa bei ya zamani au iliyopanda kidogo. Mwenye kipato cha kila siku hununua robo ya sukari, mafuta ya kupima na fungu moja, kila siku, kwa siku zote 29 au 30. Kila kilele cha bei kinamkuta pale. Tena kwa vipimo vidogo tayari analipa zaidi kwa kilo kuliko jirani yake mwenye gunia. Ninaposema kwamba bei tunaipandisha sisi wanunuzi, lazima niongeze kwamba hatuipandishi kwa mikono sawa wala hatuilipi sawa.

Kwa sababu hiyo sipendi sana wito wa kususia unaozunguka kwenye simu zetu, wa kwamba tusile magimbi wiki moja na yataoza mikononi mwao. Yataoza kweli, mikononi mwa mama wa genge. Dalali wake atageuza gari. Kilicho na maana ni kubadilisha namna ya kununua kwa wale wanaoweza kuchagua. Mwenye nafasi ya kwenda sokoni asubuhi aende asubuhi, aiache saa 11 jioni kwa asiye na hiari. Mwenye friji anaweza kuanza kununua Rajabu, mwezi ulio kabla ya Shabani, kidogo kidogo, badala ya kuvamia soko wiki ya mwisho. Meza ya aina tano siku ya mwaliko inaweza kuwa ya aina mbili siku nyingine. Majirani wanne wa uani wanaweza kuchanga gunia moja la viazi na kuligawana. Mama yangu alikuwa akiwauzia kinamama wa uani mmoja kwa mtindo huo, kwa bei ya karibu na ya jumla, naye alilala akijua kesho hakuna kitakachobaki mezani. Kwake hilo lilikuwa na thamani kuliko faida ya fungu.

Najua udhaifu wa ushauri huu. Wanunuzi wakihamia asubuhi wote, asubuhi itapanda. Wakinunua wote Rajabu, Rajabu itapanda. Lakini mlima uliotandazwa kwa wiki sita una kimo kidogo kuliko ule uliosimama kwa siku tatu, na hilo linampa mkulima na mwenye gari muda wa kuleta mzigo bila kukimbizana.

Kwa upande wa serikali, ningeomba kitu kidogo kabla ya hotuba ya Shabani ijayo: mizani. Kila soko la manispaa liwe na mtu wa kupima fungu na kuliandika kwa kilo, na ubao unaoonyesha gunia liliingia kwa bei gani asubuhi ile. Mizani haitapunguza bei peke yake. Lakini mnunuzi ataona kwamba kilo ya mihogo ni kiasi fulani na gunia liliingia kwa kiasi fulani, na kama pengo ni dogo atajua mama aliyekaa mbele yake hajamnyonya. Pengo likiwa kubwa, naye ataulizwa. Na mkulima wa Mkuranga akipigiwa simu, atasomewa ubao.

Mwaka 2030 tutafunga mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, mara ya pili ikigongana na sikukuu za mwisho wa mwaka na nauli zake. Magimbi ya Januari ile yatapandwa mwanzoni mwa 2029. Mama wa genge atayanunua kwa bei ya siku hiyo, atayapanga matano matano au manne manne, na usiku wa kuamkia Idi atakuwa anahesabu yaliyobaki, maana kesho yake watu wanataka pilau.